Oili kula

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, na safari hii sina kisingizio cha umeme wala cha mhariri. Nilikuwa chini ya gari. Sitanii. Mikono yangu hadi leo inanuka oili, na mama mwenye nyumba hajarudi kunisalimia vizuri kwa sababu ya doa nililomwachia uani kwake.

Wengi mnalijua gari langu, ile Forester ya turbo ya mwaka 2004, rangi ya fedha, niliyoinunua mkononi mwa mtu kwa mkopo ambao bado naulipa. Subaru kwa Kijapani ni kile kikundi cha nyota ambacho wazee wetu wanakiita Kilimia, ndiyo maana kwenye nembo yao kuna nyota sita. Bibi yangu alikuwa akikiangalia Kilimia angani anajua msimu wa kulima umefika. Mimi nikiiangalia Kilimia yangu najua mshahara umekwisha.

Ilianza na harufu. Nikisimama kwenye foleni ya Buguruni, kiyoyozi kikiwa wazi, inaingia harufu ya oili inayoungua. Mwanzoni nikajidanganya kwamba ni ya daladala la mbele. Daladala likaondoka, harufu ikabaki. Halafu asubuhi nikawa nakuta tone jeusi chini, na pembeni yake tone jingine lenye ukijani kijani. Kile kichupa cha akiba cha maji ya rejeta nacho kila wiki kinapungua. Nikapeleka kwenye gereji moja kubwa yenye vigae sakafuni na sehemu ya wateja kunywa kahawa. Kijana akaliingiza shimoni, akatoka na uso wa daktari.

"Bosi, oil kula imekwisha."

Mimi, mhitimu wa chuo kikuu, nikauliza: "Inakula kiasi gani?"

Basi walicheka pale mpaka mtu wa mapokezi akatoka kuangalia kulikoni. Kumbe oil kula si oili kuliwa. Ni kipoza oili, kidude kama kopo la kiwi kinachokaa kati ya injini na filta ya oili, ndani yake maji ya rejeta yanapita upande mmoja na oili upande mwingine, bila kukutana, ili oili ipoe. Kwenye injini za turbo ni kitu cha lazima, maana ile turbo inaipika oili kweli kweli. Pale kinapogusana na injini kuna oringi ya mpira. Joto la miaka ishirini likiupiga ule mpira unakauka, oili inapata njia, inadondokea kwenye ekzosi iliyo jirani, na wewe unanusa Buguruni. Na yale matone ya kijani? Hayo ni ya pampu ya maji, nayo sili yake imechoka.

Gharama ya vyote pamoja na mkanda wa taimingi: laki saba na themanini. Nikasema nitarudi. Mnajua mwandishi wa gazeti akisema nitarudi maana yake nini.

Sasa mtaniuliza, kwa nini sikwenda kwa fundi wa mtaani kwangu, pale mwembeni? Hapo ndipo penye kidonda, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya.

Mwaka jana niliandika makala gazetini kuhusu mafundi wa chini ya miti. Ilipata ukurasa mzuri, na kichwa cha habari kikali nilichopewa na watu wa dawati, ingawa siwezi kujificha nyuma yao kwa sababu maneno ya ndani yalikuwa yangu. Nilieleza magari yanavyoharibiwa na watu wasiosomea. Na katikati nikaweka kauli ya "fundi mmoja wa Tabata" asemaye kwamba wao hawahitaji kompyuta, wao wanaisikiliza injini. Niliiandika kwa namna ambayo msomaji atacheka. Wasomaji wakacheka kweli.

Ile kauli aliisema fundi wa mwembeni kwetu. Hakuisema kwenye mahojiano. Aliisema jioni, tunakunywa kahawa ya mia mia na kashata, mimi nikiwa jirani tu. Sikumwambia kwamba ninaandika. Jina sikuliweka, nikajiona nimetenda haki. Lakini mpigapicha alikuwa amepiga ule mwembe, na kwenye mwembe kuna tairi la trekta lililopakwa rangi ya njano ambalo Tabata nzima wanalijua. Nyinyi mliosoma uandishi mnajua kosa liko wapi, hata sihitaji kulitaja. Tulifundishwa mwaka wa kwanza.

Tangu siku ile nikipita hanijibu salamu. Hajanitukana, hajalalamika. Anainama tu kwenye boneti. Nami nikaanza kupita njia ya nyuma, ile ya kwenye mtaro.

Kwa hiyo nikaamua: nitaitengeneza mwenyewe. Nikaangalia video za YouTube siku nne mfululizo. Kuna Mmarekani mmoja ana gereji nyumbani kwake safi kuliko jiko la mama yangu, anafungua kila kitu huku akipiga soga, dakika arobaini amemaliza. Nikajiambia, huyu ana mikono miwili, mimi nina mikono miwili.

Spea nilizifuata Gerezani. Muuzaji akaweka pampu mbili mezani, moja elfu arobaini na moja elfu tisini na tano, kwa macho zinafanana kama mapacha. Nilizungusha mhimili wa ile ya bei rahisi kwa vidole, ukawa unakwaruza kidogo, kama mchanga kwenye wali. Nikachukua ya elfu tisini na tano. Na hili nawashauri msilifanyie ubahili, maana kwenye injini hii pampu ya maji inazungushwa na mkanda uleule wa taimingi. Pampu ikikwama, mkanda unakatika. Mkanda ukikatika, pistoni zinapanda wakati valvu ziko chini, zinagongana, na hapo huongelei tena laki saba, unaongelea injini. Nikachukua na mkanda, tenshena, puli zake, themostati, gasketi, na oringi ya oil kula, ambayo ndiyo ilikuwa chanzo cha yote na ndiyo ya bei ndogo kuliko soda na chipsi.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nikaanza. Waya wa betri, upande wa hasi, nikautoa. Gari juu ya stendi (jeki peke yake hapana jamani, watu wamekufa). Nikamwaga maji ya rejeta kwenye beseni: yalitoka ya kahawia kama chai ya rangi. Mwenye gari wa kwanza alikuwa akijaza maji ya kisima, na maji ya visima vingi vya Dar mnayajua, chumvi tupu. Chumvi inakula aluminiamu polepole. Kidogo kidogo niliona niko sawa na yule Mmarekani.

Oil kula ilitoka bila shida. Unafungua filta, unachomoa mipira miwili ya maji, halafu kuna boliti moja nene yenye tundu katikati, ndiyo inayokibana kile kikopo kwenye injini. Oringi ya zamani ilikuwa imekakamaa. Nilipoichokonoa ilikatika vipande kama kaukau. Nikasafisha uso wa chuma kwa kitambaa, nikapaka oili oringi mpya, nikaiweka kwenye mfereji wake, nikafunga. Nusu saa. Nikapiga picha nikamtumia kila mtu. Duh, kiburi!

Pampu ndiyo ilinitoa jasho. Rejeta feni zake mbili nje, mikanda ya dainamo na ya kiyoyozi nje, halafu ile boliti ya puli ya krenki, spana namba 22, iliyobanwa na mtu mwenye hasira na dunia. Nilining'inia kwenye bomba la chuma nililochomeka kwenye spana, watoto wa jirani wakawa wanahesabu moja, mbili, tatu... Ikaachia, nami nikaachia, tukaanguka wote. Yale makava ya plastiki ya mbele, boliti zake ndogo mbili zikakatika. Lakini mkanda ukaonekana, na pampu nayo, upande wa abiria, na chini ya mhimili wake kale katundu kadogo ambako maji hutokea sili ikifa. Palikuwa na ukoko wa kijani umekauka kama machozi.

Kabla ya kutoa mkanda unatakiwa uzungushe krenki mpaka alama zikutane. Injini hii ni ya silinda zilizolala, mbili kila upande, na ina kemshafti nne, kwa hiyo puli nne za pembeni na ile ya krenki katikati, zote zina alama. Nikaona mishale. Mishale mizuri, inaonekana wazi. Nikaipanga yote inaangalia juu, nikajipongeza, nikatoa tenshena, nikautoa mkanda.

KAA!

Puli za upande wa abiria zikaruka zenyewe.

Wadau, ule mlio niliusikia tumboni. Springi za valvu upande ule zinakuwa zimebanwa, ukiondoa mkanda lazima puli ziruke, hilo hata video ilisema. Lakini ilisema pia jambo ambalo mimi nililiona kwa jicho moja huku najibu ujumbe wa WhatsApp: usifuate mishale. Fuata vile vistari vidogo. Mishale inakuonyesha silinda namba moja iko juu kabisa. Vistari ndivyo vinavyoziweka pistoni zote nusu ya njia, pasipo valvu ya kugonga. Mimi niliziachia kemshafti zangu ziruke wakati pistoni mbili ziko kileleni.

Nilikaa chini kwenye ndoo mpaka giza likaingia. Nilibadilisha pampu kwa sababu mikono ilitaka kazi: boliti sita, gasketi mpya ya bati, themostati na kale kapini kake kakiangalia juu. Pampu ikakaa vizuri kabisa, kwenye injini ambayo huenda nimeiua. Mama mwenye nyumba akatoka na tochi, akaangalia doa, akaangalia gari lisilo na uso, akasema, "Mwanangu, si ungemwita fundi?" Akarudi ndani.

Jumapili asubuhi nikapita njia ya mbele.

Alikuwa peke yake pale mwembeni anapanga spana kwenye kitambaa. Amenizidi kama miaka kumi na tano. Siku zote nilikuwa namwambia mambo, za kihuni huni, kama rika.

"Shikamoo, fundi."

Alikaa kimya kidogo. "Marahaba." Hakuinua kichwa.

Nikaeleza. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye mlio. Nilipofika kwenye mishale akaacha kupanga spana.

"Umezungusha tena baada ya hapo?"

"Hapana. Sijagusa."

"Kitu chochote? Hata krenki?"

"Hata krenki."

Akasimama, akachukua mkoba wake. Njiani hatukuzungumza. Nilifungua mdomo mara moja, "Fundi, ile habari ya mwaka jana..." Akasema, "Tochi unayo?"

Alianza kwa kushika krenki na kuirudisha taratibu, robo mzunguko, mkono mmoja kwenye spana na mwingine kwenye puli, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Mpaka pistoni zote zikawa katikati. Halafu akashika kemshafti moja moja. Pale penye uzito alisimama, akarudi kidogo, akaizungusha upande wa pili. Kwenye hizi za kemshafti nne, valvu zinaweza kugongana hata zenyewe kwa zenyewe ukizungusha kijinga. Kila kistari kikafika mahali pake. Mimi nilishika tochi, na mara mbili aliusogeza mkono wangu kwa kiwiko kwa sababu nilikuwa namulika uso wake.

Tenshena mpya ilikuja na pini, nami kwa ujuaji nilikuwa nimeichomoa. Ikabidi ibanwe upya. Akatuma mtoto akaazime jiliwa kwa seremala, akakaza kidogo, akasubiri, akakaza kidogo, akasubiri. Nikauliza kwa nini asikaze moja kwa moja. "Ina oili ndani. Ukiiharakisha inapasuka sili yake, na hutaona. Utaona barabarani." Dakika tano nzima kwa kitu kidogo kama betri ya tochi. Ndipo akachomeka msumari mwembamba kwenye tundu.

Mkanda ukavaa. Mistari ya mkanda ikakaa juu ya vistari vya puli. Akachomoa msumari, akazungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, polepole, ameegemeza paji la uso kwenye fremu ya gari kama anasinzia. Alikuwa anasikiliza kwa mkono kama kuna mahali chuma kinagusa chuma. Hakupata. Lakini hakusema kitu, na mimi sikuuliza.

Tulipokuwa tunarudisha rejeta ndipo alipoongea, bila kunitazama.

"Binti yangu yuko kidato cha pili. Mwalimu wao wa Kiswahili aliwapelekea gazeti, wasome kwa sauti darasani. Zamu ikamfikia yeye. Akasoma mpaka pale penye maneno yangu. Ule mwembe anaujua."

"Alifanyaje?"

"Aliendelea kusoma. Angefanyaje?"

Akaomba spana namba kumi. Nikampa.

Kuondoa hewa kwenye mfumo wa maji kwenye Subaru ni shughuli. Hewa ikibaki, injini inachemka na pampu mpya isikusaidie. Unainua pua ya gari, unajaza taratibu, nusu kulanti nusu maji safi yasiyo na chumvi, unaminya mipira ili mapovu yatoke, unawasha injini na kuweka hita ya ndani kwenye moto wa mwisho. Dar es Salaam, saa saba mchana, hita ya mwisho. Nilikaa humo ndani nashika gesi kidogo jasho likitoka hadi kwenye kope.

Lakini nimeruka kitu. Kabla ya hapo ilikuwepo ile sekunde ya kugeuza ufunguo. Alisimama mbele ya boneti, akaniambia, "Piga." Nikapiga. Starta ikazungusha, ikazungusha... nikaanza kuhesabu mkopo wangu miezi iliyobaki, ikashika. Injini hizi zina ngurumo yake, mnaijua, ile dugu dugu dugu. Ilikuwepo yote. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini, mpini akaubana sikioni, akaanza kuhama: upande huu, upande ule, kwenye pampu, kwenye puli. Akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko alivyohitaji, au mimi ndiye niliona mrefu.

"Hakuna iliyopinda," akasema. "Una bahati ya wajinga."

Nikamuuliza bei. Elfu hamsini. Sikupunguza, naye hakupunguza. Akahesabu noti mbele yangu, akaniambia nibadilishe oili na filta ndani ya wiki kwa sababu nilifungua oil kula na vumbi la uani lile. Nikamwambia nataka kuandika tena, gazeti lilelile, nieleze vizuri. Akasema, "Andika unavyotaka. Safari hii niambie kwanza."

Jumatatu nilimfuata mhariri. Akaniuliza habari ni ipi. Nikaeleza. Akasema marekebisho huandikwa kama kuna takwimu iliyokosewa au jina, na hapa hakuna jina. Kwa kanuni za karatasi sidhani kama amekosea. Basi nimeiandika hapa. Jana jioni nilikwenda mwembeni na simu, nikamsomea yote, pamoja na kipande cha binti yake, nikamuuliza kama kipande hicho kibaki. Akasema akamuulize mwenyewe. Leo asubuhi amenipigia: binti anasema kibaki, ila niondoe neno moja nililokuwa nimemwelezea nalo. Nimeliondoa.

Gari limetembea kilomita elfu moja na mia nne tangu siku ile. Sindano ya joto iko katikati, haichezi. Buguruni sinusi kitu zaidi ya Buguruni yenyewe. Kila usiku natandika boksi la kadibodi chini ya injini, na asubuhi nalikagua kabla sijapiga mswaki. Juzi kulikuwa na tone. Nikalibeba boksi zima mpaka mwembeni. Fundi akaligusa kwa kidole, akalinusa, akaniambia ni maji ya kiyoyozi, nirudi nyumbani nikajiandae na kazi.